Mstari wa Manjano kwenye Gari la Akina Mama

Matiko, fundi wa rangi pale Migori, alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kufanya, na asubuhi hiyo Cephas alitamani sana angekuwa mtu wa kufanya bila kuuliza.

"Hii maneno nitoe ama niache?" Matiko alisema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa Probox nyeupe, msasa mkononi. "Mstari wa teksi unapita hapa katikati. Nikipaka juu yake, herufi zitaonekana."

Maneno yenyewe yalikuwa ya bluu, yameandikwa kwa mkono uliojitahidi: GARI LA AKINA MAMA WA SORI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Wagonjwa na Wajawazito, Bure.

"Toa," Cephas akasema.

"Zote?"

"Matiko, nimekuja kupakwa rangi ama kuulizwa maswali?"

Matiko akainua mabega, akaanza kusugua. Cephas akavuka barabara, akaingia kibanda cha chai na kuchagua kiti kinachotazama ukutani. Mtu mzima, baba wa watoto, aliyewahi kuendesha malori ya mahindi kutoka Isebania hadi Nairobi bila kusinzia, akaligeuzia gari kisogo kama mtoto anayeogopa sindano. Chai ilikuja na mandazi. Mandazi aliyasukuma kando.

Tumtendee haki: Cephas hakuwa mwizi. Jambo hilo alijiambia mara nyingi mno siku zile, na mtu asiye mwizi huwa hana haja ya kujikumbusha. Logbuk, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa na jina lake, tena kihalali. Wanawake wanaokaanga samaki ufuoni Sori ndio waliolichangia, baada ya mwenzao mmoja kufariki akingoja usafiri na mimba ya mapacha tumboni. Kila siku ya soko waliweka kando kidogo. Gari lilipopatikana, kikundi kilikuwa bado hakijasajiliwa, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kushika usukani. Cephas alikuwa mtoto wa nyumbani, mwimbaji wa kwaya, haonji pombe.

"Weka jina lako," Leonida, mwenyekiti wao, alimwambia. "Jina ni la kwenye karatasi. Gari ni letu."

Siku gari lilipofika Sori, wanawake waliweka mikono juu ya boneti, wakaomba mpaka injini ikapoa. Walikuwa wameshona godoro la turubai la kulazia wagonjwa, kwa hiyo kiti cha nyuma kikang'olewa na kuhifadhiwa nyumbani kwa Cephas. Kisha wakaweka sheria moja tu, ile ambayo Leonida aliitamka akiwa amemshika Cephas mkono: gari hili halichukui nauli, si ya mgonjwa wala ya mzima.

Akaishika sheria hiyo. Alibeba wenye malaria, wenye uchungu wa uzazi, mzee aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, na mvuvi aliyechomwa mguu na mwiba wa samaki. Alilipwa kuku, alilipwa omena, dagaa wa ziwani, alilipwa maombi. Lakini wiki nyingine zilipita bila mgonjwa, na gari likalala uani likiliwa na vumbi. Mchango wa mafuta ukaanza kuja kwa kusuasua. Mkewe Marion hakuwa mwanamke wa kelele. Alisema jambo moja tu, akiwa anafunga mzigo wa vitunguu kichwani kwenda sokoni kwa miguu: kwamba yeye ndiye mke pekee wa mwenye gari katika Nyatike nzima anayevaa kandambili zilizotobolewa na safari.

Neno hilo Cephas aliondoka nalo. Na alikuwa bado nalo siku alipomfikisha mgonjwa Homa Bay, akasimama dukani kwa Hemed kununua balbu ya taa. Hemed alikuwa Mwislamu aliyehamia kutoka Mumias, muuza vipuri, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha teksi cha hapo sokoni. Alilizunguka gari mara moja.

"Gari zuri hili, ndugu yangu. Linafanya kazi gani?"

"Linabeba wagonjwa."

"Kila siku?"

"Hapana. Mara moja moja."

"Na siku nyingine?"

"Linalala."

Hemed akasikitika, na alisikitika kwa dhati, kama mtu anayeambiwa ng'ombe wa maziwa hakamuliwi. Akamweleza yanayotakiwa: kiti cha nyuma kirudi mahali pake, kidhibiti mwendo kifungwe, bima ibadilishwe iwe ya abiria, mstari wa manjano uzunguke gari lote, kisha likaguliwe Migori na kubandikwa stika. Ukaguzi ukipita, leseni ya teksi inafuata. Nafasi moja ilikuwa wazi kwenye stendi yao. Ijumaa ikifika bila stika, angepewa mwingine.

"Gari ni lako?" Hemed aliuliza mwishoni.

"Logbuk ina jina langu."

Hemed akamtazama kidogo, kisha akasema haya, alete nakala.

Cephas alikuwa na mpango. Angefanya teksi Homa Bay, mapato yangenunua mafuta ya wagonjwa, na sehemu ndogo, ndogo kabisa, ingebaki nyumbani kwake. Mgonjwa akipatikana Sori angekimbia kumchukua. Umbali wa kutoka Homa Bay mpaka Sori aliujua vizuri kuliko mtu yeyote, lakini kila akifika hapo kwenye mawazo yake alipapita haraka. Na tuseme ukweli, lile halikuwa wazo baya. Angelipeleka ufuoni asubuhi moja, mbele ya masufuria ya mafuta, huenda wanawake wangelijadili na kulikubali. Lakini huenda wangelikataa. Aliogopa hilo, kwa hiyo akaamua kuwaambia baada ya leseni kutoka, wakati kukataa kwao hakutakuwa na faida tena. Kwa Leonida alisema gari linakohoa, analipeleka gereji Migori.

"Nenda, wuoda," Leonida alimjibu, yaani mwanangu, na akampa samaki wawili wa kula njiani.

Samaki hao walikuwa bado kwenye gazeti lao, juu ya dashibodi, wakati Matiko alipomwita aje aone kazi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimefungwa. Godoro la turubai lilisimamishwa kwenye ukuta wa karakana. Mstari wa manjano ulizunguka gari lote, umenyooka vizuri, na mlango ulikuwa mweupe tupu.

"Ukisimama kando, jua likipiga, bado utaziona kidogo," Matiko alisema, akionyesha zilipokuwa herufi. "Huyo mwandishi alikandamiza."

Cephas hakusimama kando. Alilipa, akasema godoro atalirudia, akaondoka.

Kwenye kituo cha ukaguzi foleni ilikuwa ndefu, lakini ilitembea. Yalibaki magari mawili mbele yake simu ilipolia. Alikuwa Leonida.

"Wuoda, uko wapi?"

"Migori, Mama."

"Achieng ameshikwa na uchungu. Ni mapema, lakini ameshikwa kweli. Njoo."

Achieng alikuwa mke wa Chrispine, mwana wa Leonida, ambaye wakati huo alikuwa kisiwani Takawiri akivua. Mtoto wao wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na kliniki walikuwa wameonya waziwazi: wa pili asizaliwe popote ila hospitali kubwa, penye madaktari na damu. Cephas alilijua hilo. Sori nzima ililijua. Wiki chache nyuma alikuwa amemwambia Achieng mwenyewe asiwe na wasiwasi, kwa kuwa gari lipo.

Akatazama mbele. Gari moja lilikuwa likiingia kwenye ukaguzi. Lilibaki moja.

"Mama, gari wamelifungua," akasema. "Injini iko chini."

Upande wa pili alimsikia Achieng akiguna.

"Litafungwa lini?"

"Karibu tu. Chukueni pikipiki mwanze pole pole. Nitawapata njiani."

Neno hilo lilimtoka jepesi. Lakini kule ufuoni lina uzito wake. Dereva akisema nitawapata njiani, watu hawakai nyumbani kungoja honi. Wanabeba mizigo yao, wanaanza safari, na gari huwakuta popote walipofika. Ndivyo walivyozoea tangu magari yalipokuwa machache, na hakuna dereva wa Sori aliyewahi kulitamka bila kuja.

Angeweza kutoka kwenye foleni. Lango lilikuwa wazi nyuma yake, na nafasi ya kugeuzia ilikuwepo. Hata aliuzungusha usukani kidogo, magurudumu yakaanza kukata kona. Kisha akafikiri: nikitoka leo, nitapangiwa siku nyingine huko mbele, na Ijumaa itapita. Akafikiri: ni uchungu tu, uchungu unachukua muda. Akafikiria kandambili za Marion. Mtu akitafuta sababu hazikosi. Gari la mwisho mbele yake likapita, mkaguzi akampungia mkono, naye akanyoosha magurudumu, akaingia.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, asiye na haraka. Alitazama taa, akapiga honi, akavuta mikanda mmoja mmoja, akaketi kwenye kiti cha nyuma na kurukaruka kidogo kukipima. Akashuka shimoni, chini ya gari.

"Kanyaga breki," sauti yake ilisema. "Shikilia."

Cephas akakanyaga. Simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa shati lake.

"Endelea kushikilia."

Ikatetemeka mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Mikono yote miwili ya Cephas ilikuwa huru. Kilichokuwa na kazi ni mguu, na mkono mmoja ungetosha kuitoa simu na kuipeleka sikioni. Hakuitoa. Alitazama ukuta mbele yake, akaendelea kukanyaga breki, na jasho likamtoka kama aliyekuwa akilisukuma gari badala ya kulizuia.

"Iko sawa," mkaguzi alisema, akipanda kutoka shimoni. "Gari imetunzwa. Wengi hawatunzi hivi."

Akabandika stika kwenye kioo. Na hapa lazima lisemwe, kwa kuwa ndilo lililomtesa Cephas baadaye kuliko yote: kwa dakika moja alifurahi. Alifurahi kweli, moyo ukamruka. Kisha akaitoa simu, akampigia Leonida, na haikupokelewa.

Aliwakuta kabla ya kufika Masara. Kwanza aliiona pikipiki imelala kando ya barabara, na Gordon mwenye pikipiki amewapa wengine mgongo, mikono kichwani, bila koti. Halafu akaona leso. Wanawake wawili waliotoka shambani walikuwa wamezishika kuwa ukuta. Nyuma ya leso alikuwepo Leonida amepiga magoti mavumbini, na koti la Gordon lilikuwa chini ya Achieng. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa amefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha bibi yake, akilia kwa hasira, na kilio hicho ndicho kitu pekee kizuri mahali pale. Achieng hakuwa analia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na damu ilikuwa haijakoma.

"Godoro," Leonida alisema bila kuinua macho. "Lilete godoro tumlaze."

Cephas akasimama na mlango wa nyuma wazi mkononi.

"Nimelitoa," akasema. "Lifuliwe."

Leonida akainua macho. Aliona kiti cha nyuma, kirefu, kimenyooka, na mikanda yake imepangwa vizuri. Aliuona mlango mweupe na mstari. Wakamwingiza Achieng akiwa nusu ameketi, nusu amelala, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake, magoti yamekunjwa, na kila shimo la barabara kuelekea Migori likamtoa sauti. Cephas alizisikia zote. Aliendesha akiwa na stika mpya machoni pake njia nzima.

Hospitali iliwapokea. Achieng alipelekwa chumba cha upasuaji, akaongezwa damu, na jioni ilipokaribia daktari akatoka, akasema angeishi, lakini kwamba hakupaswa kabisa kuanza safari ile kwa pikipiki. Alisema hivyo akimtazama Leonida. Leonida akainamisha kichwa. Cephas, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, alitaka kusema kwamba si yeye, ni mimi. Aliifungua midomo yake kabisa. Daktari akaondoka.

Alitoka nje, akachota maji bombani, akaanza kukiosha kiti. Alisugua mpaka maji yakaacha kubadilika rangi, na bado akaendelea kusugua. Simu ikalia. Alikuwa Hemed.

"Stika umepata?"

"Nimepata."

"Mashallah. Basi Ijumaa uje stendi, uwajue wenzako."

Alipaswa kusema hapana. "Nitakuja," akasema, na akakiosha kiti mara nyingine.

Habari zilifika Sori zikiwa na mapambo yao. Wanawake walikuwa wamesikia kwamba injini ilikuwa chini, na kwamba Cephas aliwasili hata hivyo, kwa hiyo wakajaza wenyewe yaliyokosekana: kwamba aliwalazimisha mafundi, kwamba aliifunga injini kwa mikono yake mwenyewe, kwamba aliendesha kama upepo. Walipiga simu kwa Leonida wodini, wakipokezana kuongea. Mtoto aliyezaliwa njiani kwa Wajaluo jina lake halitafutwi, ni Oyoo, basi hilo lilikuwa limeisha. Ila walikuwa wameamua kumwongezea la pili. Angeitwa Oyoo Cephas.

"Wanataka kukushukuru," Leonida alimwambia, akimnyooshea simu. Alimtazama usoni alipokuwa akimpa, na hakuyaondoa macho.

Cephas akaichukua. Wanawake wakapiga vigelegele sikioni mwake.

"Asanteni," akasema. "Asanteni, akina mama." Akairudisha simu, na Leonida akaifuta kwa leso kabla ya kuiweka kifuani.

Ikafika Ijumaa, na ndiyo siku Achieng aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Cephas alipita kwa Matiko mapema kulichukua godoro. Akakikunja kiti, akalitandika juu yake, akalinyoosha pembe zote. Kwa Hemed alikuwa ameahidi kufika alasiri, akishawashusha. Ndiyo, hata siku hiyo. Aibu ilikuwa imemjaa, na bado kichwani alikuwa akipiga hesabu ya mafuta ya kutoka Sori mpaka Homa Bay.

Leonida akakaa mbele. Achieng akalala nyuma, mtoto kifuani. Hakuwa amesema lolote na Cephas tangu siku ile zaidi ya kuitikia salamu. Walikwenda polepole. Walipokaribia Masara, Leonida akasema, "Simama hapa."

Palikuwa pale pale. Nyasi zilikuwa bado zimelala. Leonida akashuka, akasimama akipatazama mahali hapo kwa muda, kisha akazunguka mbele ya gari, akaja upande wa dereva. Jua lilikuwa linapiga ubavuni. Akaweka vidole vyake juu ya mlango, chini kidogo ya dirisha, akavipitisha taratibu palipokuwa na maneno, herufi moja baada ya nyingine.

"Gari linalofunguliwa injini halirudi limepakwa rangi," alisema. Sauti ilikuwa ya chini. "Nimekaa na watu wa teksi sokoni, Cephas. Huu mstari naujua."

"Mama, nilitaka kuwaambia."

"Lini?"

"Leseni ikishatoka."

Leonida akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa bei ya samaki ambaye hatamnunua.

"Siku ile nilipopiga simu, gari lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye foleni. Lilikuwa limebaki gari moja mbele yangu." Akaushika usukani. "Na simu zako nyingine nilizisikia. Nilikuwa nimekanyaga breki."

Hakukuwa na gari lililopita, wala mtu. Leonida aliushika mlango kwa mikono yote miwili.

"Achieng alikataa kupanda pikipiki," alisema. "Ujue hilo. Alisema tungoje, pengine watu wa kliniki watapata gari lingine. Mimi ndiye niliyemwambia panda, Cephas amesema atatupata njiani. Nilimpandisha kwa mikono hii. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako sitakubebea."

"Utawaambia?"

"Sitawaambia. Watakuja kukuimbia leo. Ukinyamaza, nitanyamaza. Mtoto ataitwa kwa jina lako, na kila nikimwita aje kula nitakuwa najua."

Akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango taratibu ili mtoto asishtuke. Cephas akatazama kwenye kioo cha ndani. Achieng alikuwa amefumba macho. Kama alikuwa amelala au amesikia yote, hakuweza kujua, na hakuthubutu kumuuliza.

Njia iliyobaki iliisha upesi mno. Wanawake walikuwa wamejipanga tangu kwenye kona ya kanisa, wamevaa sare zao za kitenge, wengine wakiwa na harufu ya mafuta ya samaki mikononi. Waliimba, na ndani ya wimbo walitia jina lake. Mmoja aliupitisha mkono juu ya mstari wa manjano, akasema kumbe huko gereji wamelipamba gari letu. Marion naye alikuwepo, amevaa viatu vya Jumapili, na alikuwa akimtazama mumewe jinsi ambavyo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. Cephas aliona afadhali angetukanwa.

Wakamsaidia Achieng kushuka, wakamkalisha kwenye kiti kivulini. Mwanamke mkubwa kuliko wote akamchukua mtoto, akamweka mikononi mwa Cephas, kwa kuwa anayepewa heshima ya jina humshika mtoto na kulitamka mbele ya watu.

"Mwite," akasema. "Tumsikie akiitwa."

Wimbo ukakoma ili asikike. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na joto lake lilipenya shati. Cephas akamtafuta Leonida kwa macho. Leonida alikuwa akifungua fundo la leso ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa.

"Oyoo," akasema.

Vigelegele vikapanda. Wakangoja la pili.

"Anaitwa Oyoo kwa sababu yangu," Cephas akasema, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Gari halikuwa limeharibika. Nilikuwa nalo kwenye ukaguzi, nalifanya teksi ya Homa Bay. Huu mstari ni wa teksi. Maneno yenu niliyatoa mimi. Godoro nililitoa mimi. Mama aliponipigia nilikuwa naweza kuja, na nilisema nitawapata njiani, na sikutoka kwenye foleni." Akatafuta neno jingine la kuongeza, la kusaidia. Hakulipata. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Mwanamke aliyeusifu mstari aliutoa mkono wake juu ya gari na kuufuta kwenye kitenge. Marion alikuwa ameviinamishia macho viatu vyake. Cephas alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

Aliyesogea ni Achieng. Alinyanyuka kwenye kiti akijishika tumbo, akakataa mkono wa aliyetaka kumsaidia, akaja mpaka mbele yake, hatua ndogo ndogo. Akamchukua mwanawe, akamlaza begani.

"Oyoo linatosha," akasema.

Akageuka, akaanza kuelekea nyumbani, na wanawake wakamfuata. Wanne kati yao walibaki nyuma kidogo. Wakafungua mlango wa nyuma wa gari, wakalitoa godoro, wakalishika pembe nne na kuondoka nalo, kwa kuwa walilishona wenyewe. Alasiri ilikuwa imefika, na ndani ya shati la Cephas simu ilikuwa ikitetemeka. Gari wakamwachia.